Brashi Haina "Yasemekana"

Mimi ni fundi wa mabango hapa Kaloleni, Kisumu. Naandika majina ya maduka, nachora kuku kwenye kuta za hoteli. Ni Mwislamu pia, na tangu chuoni nimesikia kwamba mchora viumbe ataambiwa avitie roho. Hilo nawaachia masheikh. Linalonisumbua ni jingine: anayechora tukio asiloliona, je, anatoa ushahidi wa uongo?

Katekista mmoja aliniletea kalenda, akataka nimkuzie ukutani Mashahidi Wakatoliki wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao, wote 22, Karoli Lwanga katikati. Ila hawakufa pamoja. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa Novemba 1885. Lwanga na kijana Kizito walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Yohane Maria Muzeyi akauawa Januari 1887. Nilipomwambia, akacheka: "Fundi, kwani huko mbinguni hawako pamoja?" Kwa picha ya ibada, jibu hilo linatosha. Nikachukua kazi.

Picha inayojidai historia ni kesi nyingine. Karne ya 19 Mfaransa Paul Delaroche alitamba kwa picha za namna hiyo. Mwaka 1833 alimchora Lady Jane Grey, binti aliyekaa siku tisa tu kwenye kiti cha enzi cha Uingereza, akisubiri shoka. Amefungwa kitambaa machoni, anapapasa gogo asilione. Gauni lake jeupe linang'aa ndani ya chumba cha giza. Kule kupapasa ni kweli, kuliandikwa na watu wa wakati ule. Chumba si kweli: aliuawa nje, kwenye uwanja wa ngome ya London, tarehe 12 Februari 1554. Hata weupe wa gauni ni wa Delaroche. Najua kwa nini aliuchagua. Herufi nyeupe juu ya nyeusi husomeka hata na aliye ng'ambo ya barabara.

Mkono wake nauhusudu, wallahi. Huoni alama ya brashi popote. Na hapo ndipo ninapomlaumu, maana alichokisoma na alichokibuni amevipaka kwa ulaini uleule, na jicho halina pa kushika. Msimulizi akifika asipojua husema "yasemekana", au "Wallahu aalam", kisha akaendelea. Mimi nikifika nisipojua rangi ya gauni, sharti nichovye brashi kwenye kopo mojawapo.

Sasa nirudi kwetu. Miaka kama kumi kabla ya Lwanga, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliwaua Waislamu Namugongo hapohapo. Walikataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, na nyama aliyochinja hawakuigusa. Hao hawana kalenda. Watoto wa Kaloleni wanaijua sura ya Kizito, sura iliyobuniwa na wachoraji, lakini waulize jina la Mwislamu mmoja aliyefia pale, watakutazama tu. Wapo wanaonishauri niwachore. Sitawachora, kwa sababu nitalazimika kuwapa nyuso ambazo sizijui, na kesho mtoto ataapa kwamba ndivyo walivyokuwa.

Lakini kunyamaza nako hakufai. Maustadh wa madrasa zetu, wasimulieni watoto kisa hiki, na pale msipojua, semeni hamjui. Mkiyapata majina, kuyaandika ukutani sitawatoza hata shilingi.