Shujaa wa Utende Anaitwa Nani?

Wewe unamjua Spider-Man. Unajua analelewa na shangazi yake, May, kule New York. Unamjua Ben 10. Unajua aliipata ile saa yake ya ajabu porini, akiwa likizo, katika sehemu ya kwanza kabisa ya katuni yake.

Sasa niambie: shujaa wa Utende, kisiwani Mafia, anaitwa nani?

Kimya!

Kwa nini kimya? Utende hakuna hadithi? Usinitanie. Simama gatini pale maji yakiwa yamejaa. Mbele yako Chole, kisiwa chenye popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Kando yake Juani, na magofu ya Kua, mji mzima wa mawe uliohamwa ukaachiwa mizizi. Nenda Kilindoni kuanzia mwezi wa kumi, utamkuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaelea karibu na ufuko kama vile kisiwa ni chake. Halafu kumbuka baruti za wavuvi zilizokuwa zikilipua matumbawe, na kumbuka kwamba mwaka 1995 ghuba hii iliyo mbele yako iliingia katika hifadhi ya bahari ya kwanza kuanzishwa Tanzania. Mji uliofutika unao. Jitu la baharini unalo. Wabaya wenye baruti mkononi unao.

Unangoja nini?

Mwanamke mmoja wa Lusaka, Zambia, alijiuliza swali hilohilo la shujaa wa kwao. Anaitwa Malenga Mulendema. Alikua akitazama katuni na kuona kwamba hakuna shujaa hata mmoja anayeishi mahali panapofanana na kwao. Wengi tumeona hivyo, tukabadilisha chaneli. Yeye aliandika. Mwaka 2015 studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini ilipoita hadithi kutoka bara zima, zikaja zaidi ya 1,000, yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizochaguliwa. Tarehe 20 Julai 2023 ikatoka Netflix kwa jina la Supa Team 4, katuni ya kwanza ya mfululizo ya Netflix kutoka Afrika.

Hesabu mwenyewe. 2015 mpaka 2023. Miaka minane!

Wewe ulichora wiki mbili ukaacha. Ukasema huna kipaji.

Huna kipaji, au huna subira?

Itafute hiyo Supa Team 4, uzitazame sehemu zake za mwanzo kwa jicho la mwizi. Wasichana wanne wa Lusaka, Komana, Temwe, Monde na Zee, wanafunzi tu, wanaitwa kuokoa dunia. Anayewaita ni nani? Jenerali? Bilionea? Ni Mama K, jasusi mstaafu, bibi mtu mzima ambaye bado anapigana na uovu huku mfuko wake ukiwa mwembamba. Hana jeshi. Hana bajeti. Ana vijana wanne ambao hawajui kazi, na anaanza nao hivyohivyo walivyo.

Hivyohivyo walivyo!

Hiyo ndiyo kazi ya sehemu ya kwanza katika katuni yoyote ya mashujaa vijana. Shujaa haingii akiwa tayari. Anaingia akiwa na woga, anachelewa, anajikwaa, anapewa nguvu asizojua kuzitumia. Mwandishi angemleta akiwa amekamilika, nani angebaki kutazama sehemu ya pili? Sasa kwa nini wewe unataka uanze ukiwa umekamilika? Nani alikudanganya kwamba utaitwa siku utakapokuwa tayari?

Najua udhuru wako. Mtandao Mafia unasumbua. Huna kompyuta. Huna mtu Dar es Salaam. Walimu wa katuni hawavuki kutoka bandari ya Nyamisati. Sawa. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafika Dar es Salaam, akafanya vibarua, na mwisho wa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za kujengea. Rangi ya baiskeli! Leo mtindo ule una jina lake, na mwaka 2010 ulizaa katuni ya televisheni, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi. Pale pale Dar es Salaam mwaka 2013 ikaanzishwa Ubongo, na katuni yake, Ubongo Kids, ikawafundisha watoto wetu hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Na wewe una simu mfukoni yenye kamera na rangi zote. Unaitumia kufanya nini?

Tena usidhani shujaa mwenye nguvu za ajabu ni mgeni pwani. Superman alichapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Muda mrefu kabla yake, wazee wa kaskazini mwa pwani yetu walimsimulia Fumo Liyongo, jitu la vita lisilodhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Nguvu ya ajabu, udhaifu mmoja, na msaliti ambaye ni mwanawe mwenyewe. Huo ni ufundi kamili wa hadithi, na umerithi bure. (Mimi huwa nakasirika nikimsikia kijana wa pwani akisema mambo ya mashujaa ni ya Wazungu.)

Basi amka!

Twende kazini. Katuni ni picha nyingi zinazopita haraka. Michoro 12 kwa sekunde inatosha kumfanya mtu atembee. Sekunde moja ya shujaa wako ni michoro 12. Sekunde kumi ni 120. Chukua kauntabuku, chora kwenye pembe za kurasa, pekua kwa kidole gumba. Anatembea? Umeanza. Ukishika simu, programu kama FlipaClip itafanya kazi hiyohiyo. Ukipata kompyuta kesho, Blender na Krita hazilipiwi hata senti. Fundi wa mashua wa Jibondo halazi mkuku siku mbao zote zimefika. Analaza mkuku, mbao zinamkuta kazini.

Na kwenye kibanda umiza nenda, sikukatazi. Ila usikae kama mteja. Shika wakati: ni dakika ya ngapi shujaa anapata taabu? Anakosa nini? Nani anamwita, naye anakataa mara ngapi kabla ya kuitika? Andika kwenye karatasi. Huyo anayecheka pembeni yako hajui kwamba wewe uko darasani.

Kama leo una miaka 17, safari kama ya Malenga itakufikisha 25. Hiyo miaka 25 utaifikia tu, uchore usichore. Itakukuta na nini mkononi?

Wenzako watacheka. Watakuita mchora vikatuni. Wacheke! Michoro yako ya kwanza itakuwa mibaya. Ya kumi pia. Hiyo ndiyo sehemu yako ya kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kuiruka.

Usiku huu, kabla hujalala, mpe huyo shujaa jina. Liwe jina la kwenu, la Kimafia, ambalo bibi yako hatauliza lina maana gani. Amua anaishi wapi: Utende, nyuma ya nyumba ya nani? Amua anaogopa nini. Halafu chora michoro 12. Kesho 12 nyingine. Ijumaa mwonyeshe mtu mmoja, umuulize jambo moja tu: unataka kujua kitakachofuata?

Akisema hapana, rudi ukachore upya.