Toba Baada ya Neno: Misa ya Zaire na Ushiriki wa Walei

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza waamini washiriki Misa kikamilifu, kwa kuelewa na kwa kutenda, wala wasikae kama watazamaji bubu. Tena ibara ya 40 ilikiri kwamba mahali pengine yangehitajika mabadiliko ya kina zaidi. Swali lililobaki ni kama ushiriki huo hutimizwa kwa kutafsiri Kilatini tu, au hudai kwamba hata mpangilio wa ibada ufuate jinsi watu wanavyokutana na kupatana.

Jibu la wazi zaidi barani Afrika lilitoka Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako maaskofu, Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa akiwa mstari wa mbele, waliandaa utaratibu wa Misa ambao Roma iliuidhinisha mwaka 1988. Wengi huutambua kwa ngoma na kwa kucheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu, mambo ambayo, kusema kweli, ndiyo mepesi zaidi kuigwa. Lenye uzito zaidi ni kwamba mwanzoni huitwa watakatifu pamoja na wahenga wenye moyo mnyofu, ili kusanyiko lijijue kuwa ni ukoo unaowaunganisha walio hai na waliotangulia, na kwamba tendo la toba, ambalo katika utaratibu wa kawaida wa Kirumi hufungua Misa, limesogezwa hadi baada ya masomo, homilia na Nasadiki, likifuatwa papo hapo na kutakiana amani.

Uhamisho huo una hoja ya kiteolojia, kwa kuwa mtu hawezi kuungama kosa ambalo bado halijafichuliwa na Neno, na una hoja ya baraza pia, kwani wazee husikiliza shauri kwanza ndipo wapatanishe. Hapo mlei hashiriki kwa sababu amepewa la kuimba, bali kwa sababu ibada yenyewe inafuata njia anayoijua ya kutengeneza undugu uliovunjika.

Katika nchi za Tanzania na Kenya, ambako ngoma na vigelegele vilikwisha kuingia kanisani, tendo la toba bado liko mwanzoni mwa Misa.