Wingi wa Miaka na Heri ya Uzee

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Twakubali, lakini yatupasa tuulize: je, kuona mengi ni heri kwa kila aonaye?

Tumtazame Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1875, akafariki mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 122. Hakuna binadamu mwingine ambaye umri wake umethibitishwa kufikia hapo. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliuza nyumba yake kwa mwanasheria mmoja, kwa mapatano ya kulipwa kila mwezi hadi atakapokufa. Mnunuzi akatangulia kufa, mwaka 1995, na jamaa zake wakaendelea kulipa.

Kisa hiki huchekesha. Lakini bibi huyo alimzika binti yake wa pekee mwaka 1934, mumewe mwaka 1942, na mjukuu wake wa pekee mwaka 1963. Miaka 34 ya mwisho aliishi bila mtoto wala mjukuu.

Ndipo tunapoona kwamba mwili waweza kumpa mtu miaka, bali hauwezi kumpa wa kumwita mama. Heri ya uzee hutoka kwa wengine, na deni hilo ni letu sote. Shikamoo ya kupita njiani hailipi. Mzee aliyefiwa na wanawe ni mzazi wa jamii nzima. Basi tusimhesabie miaka tu, tuketi naye.