Zimwi la Kubebeka

Oktoba iliyopita mtoto wa ammi yangu, anayefanya kazi katika hoteli moja ya kaskazini, alitupigia simu na agizo la ajabu. Wageni wanataka sherehe ya Halloween usiku wa tarehe 31, na meneja wake anataka zimwi. Si picha ya zimwi, zimwi lenyewe: mita tatu kwenda juu, liingie mlangoni, na asubuhi liondoke bila ya kuvunja kitu. Vijana wa mtaani kwetu Mpendae wanatengeneza mapambo ya harusi, kwa hivyo kazi ikaletwa kwetu.

Mifupa yake ilikuwa fito na mianzi iliyopasuliwa. Tulifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, maana msumari unaongeza uzito na unapasua mwanzi. Mbavu tulizivika maboksi ya friji. Ngozi ilikuwa magazeti, tena magazeti yangu mimi, niliyokuwa nimeyalimbikiza kwa miaka. Tuliyachana vipande, tukavichovya kwenye uji mwembamba wa unga wa ngano, tukabandika. Fundi wetu hakuwa na mzaha kwenye jambo moja: tabaka tatu tu, na kila moja ikauke kabla ya nyengine. Ukiwa na pupa, alisema, karatasi inaoza kwa ndani na zimwi linakuwa zito kama maiti. Mvua za vuli ndo zilikuwa zinanukia, basi kila wingu likipita tunalikimbiza ndani. Kichwa na mikono vilikuwa vya kuchomoa, ili lipite uchochoroni na lienee kwenye pikapu. Siku lilipokamilika, kijana mmoja alilinyanyua kwa mkono mmoja.

Tulilitoa magharibi. Mtoto wa jirani, miaka sita hivi, alikuwa anarudi chuoni na juzuu yake kifuani. Akapinda kona, akakutana nalo uso kwa uso. Ukelele alioupiga sijausahau. Bibi mmoja akatoka na mtandio begani, akalitazama zimwi, akatutazama sisi.

"Nyinyi wanangu," alisema, "hamjui kama sisi hapa tulishawahi kulala nje?"

Nilijua. Mwaka 1995 nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mkeka, moto, na wazee wanaokesha wakizungumza kwa sauti za chini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na hofu ya Popobawa ilikuwa imeanzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walihama vitanda vyao wakalala kwa makundi. Na katika hofu hiyo, hapa mjini, kundi la watu lilimuua kijana aliyetoka bara, mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta tiba, kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Popobawa hakuonekana. Aliyekufa alikuwa na mama.

Basi swali la bibi halikuwa dogo. Je, tuna haki ya kumtisha mtu kwa mchezo, tena katika mji ambao hofu imeshawahi kuua?

Jibu la haraka ni kusema hapana, tuache mambo ya wazungu. Lakini kutisha si jambo la wazungu. Nani kati yetu hakulala na hadithi za mazimwi? Said Ahmed Mohamed, katika *Babu Alipofufuka*, anamtoa babu kaburini ili mjukuu mwenye cheo akione kile alichokataa kukiona. Na kule Makunduchi, kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti huchomwa moto na watu hutoka mbio, na wanaume hupigana kwa mabua ya migomba. Tazama silaha yenyewe. Bua la mgomba linatoa hasira, lakini haliui. Wepesi wake ndiyo mipaka ya mchezo.

Hapo ndipo ninapoona tafauti. Zimwi letu mtu anaweza kulinyanyua, akaona fito zake, akamjua aliyelitengeneza na akamlaumu. Zimwi la 1995 halikuwa na uzito hata kidogo, na hakuna aliyeweza kulinyanyua. Halikuwa na fundi. Kila mmoja aliongeza tabaka lake na hakuna aliyengoja likauke.

Wapo watakaosema kuwa ukishamuonyesha mtu fito, hofu imekwisha na mchezo umeharibika. Si kweli. Wageni wa hoteli walijua fika kuwa ni karatasi, na bado, kwa maelezo ya mtoto wa ammi, walipiga kelele. Kujua hakuondoi mshtuko. Kunaondoa madhara.

Nayasema haya nikiwa na deni. Miaka iliyopita niliandika habari ya uvumi wa wezi wa watoto. Ndani ya habari nilieleza vizuri tu kuwa hakuna mtoto aliyeripotiwa kupotea. Lakini kichwa cha habari nilikiacha kikubwa na cheusi, kwa sababu kinauza. Siku mbili baadaye muuza mitumba mgeni alifukuzwa mtaani kwa mawe. Alipona. Sikuwahi kumtafuta kumuomba radhi. Nilijitetea kuwa ukweli ulikuwemo ndani, aya ya tano. Lakini nani alifika aya ya tano? Nilitengeneza zimwi nikazificha fito, wala sikubaki uchochoroni kuona nani atakutana nalo.

Fundi wetu alibaki. Bibi alipomaliza kusema, alilaza zimwi chini, akachomoa mkono mmoja, akampa yule mtoto aliyekuwa bado analia.

"Shika. Pima mwenyewe."

Mtoto aliupokea kwa mikono miwili, kama anayetarajia kitu kizito, nusura aanguke nyuma. Akacheka na machozi yake usoni. Kisha akauliza kama anaweza kuingia ndani ya zimwi akamtishe dada yake. Bibi akamwambia akirudi nyumbani amuonyeshe kwanza huo mkono, ndiyo amtishe.

Zimwi lilikwenda hoteli, likarudi. Sasa linaning'inia bandani kwa fundi, mkono mmoja haupo. Mtoto hajaurudisha, na hatujamdai.