Akishafika Nyumba Salama

Desemba inapokaribia, hasa katika miaka ya shufwa, maofisa ustawi wa jamii wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hawapati usingizi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na katika koo nyingi za Wakurya wazee wamekwishatangaza msimu wa ukeketaji. Binti wa miaka 12 au 13 anayesikia kwamba naye yumo hubakiwa na siku chache za kuamua. Wapo wanaokimbilia kwa mwalimu, wapo wanaokimbilia kwa mchungaji au kituo cha polisi. Wengine hunyoosha njia hadi kituo cha Masanga, Tarime, au hadi Mugumu, ambako nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 kwa juhudi za Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Mara ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na kuvuja damu nusura afe.

Habari za magazeti huishia hapo. Wasichana kadhaa wameokolewa, mkuu wa wilaya ametoa onyo, picha imetoka, tunafunua ukurasa wa michezo. Mimi moyo wangu hubaki nyuma ya lile geti. Huyu binti akishapokelewa, ataogea wapi? Atalala na nani? Usiku tumbo likimkata, atamwamsha nani?

Maswali haya si madogo. Binti aliyekimbia ukeketaji amekimbia kwa sababu watu wazima waliomzunguka, wengine wakiwa wale wale waliomlea kwa upendo, walikwishakata shauri juu ya mwili wake bila kumuuliza. Sasa akifika penye usalama akakuta bafu halina komeo, akaamriwa avue nguo ili ithibitike kwamba hajakeketwa, akalazwa godoro moja na wenzake asiowajua, kesho yake akapangwa mstari apigwe picha na wageni, tutakuwa tumemfanyia nini? Wembe wa ngariba ameuepuka. Ila uamuzi juu ya mwili wake umehama tu, kutoka kwa watu wazima hawa kwenda kwa watu wazima wale.

Wengi hufika na nguo walizovaa. Sare ya shule, kandambili, basi. Kwa hiyo kazi ya malezi huanza usiku ule ule na vitu ambavyo hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuvizindua: sabuni ya mche, mswaki, kanga, mafuta ya kupaka, beseni lake peke yake, chupi mpya zinazomtosha. Nasisitiza mpya na zinazomtosha. Mtoto anayepewa chupi iliyokwishavaliwa na mwingine anaelewa vizuri sana anathaminiwa kiasi gani.

Halafu kuna hedhi. Wapo wanaovunja ungo wakiwa humo humo ndani, mbali na mama, mbali na shangazi, mbali na bibi. Katika nyumba moja niliyopata kuitembelea, mlezi alikuwa ameweka pedi kwenye kikapu nyuma ya mlango wa bafu na kukifunika kwa kitenge. Anayehitaji anachukua. Haombi, wala haandikwi daftarini. Nikamuuliza kama haziishi haraka.

“Zinaisha, dada yangu,” akasema huku akikikunja kile kitenge upya. “Zikiisha nitatafuta nyingine. Mtoto ametembea usiku kucha kuja hapa, leo tena nimwambie aje kunipigia hodi kuomba pedi?”

Mama yule hakuwa na shahada ya ustawi wa jamii. Alikuwa anaamka alfajiri kabla ya wote, kwa sababu alijua mabinti wawili walikuwa wakikojoa kitandani kwa hofu, na alitaka shuka ziwe zimefuliwa na kuanikwa kabla wenzao hawajafumbua macho. Nimesikia pia ya nyumba nyingine, ambako mlezi alilitangaza jambo kama hilo mstarini asubuhi ili mtoto “aone aibu aache”. Taarifa ya mwaka ya nyumba hizi mbili ingeweza kufanana kabisa: idadi ya waliopokelewa, idadi ya waliorudi makwao, idadi ya walio shuleni. Tofauti yao ingekosa safu ya kuandikwa.

Siwalaumu walezi kwa jumla. Msimu ukipamba moto, Masanga hupokea mamia ya wasichana kwa mkupuo, na yeyote aliyewahi kupikia msiba anajua kulisha watu wengi hivyo, kuwatafutia maji na kuwalaza ni kazi gani. Pale wasichana hufundishwa pia mambo ya utu uzima yaliyokuwa yakiambatana na jando la kike, bila kukatwa. Hilo naliheshimu sana. Lakini mfadhili hupenda jengo lenye kibao, gari lenye nembo, kompyuta. Mshahara wa mlezi wa usiku hauna pa kubandika kibao. Matokeo yake mtu mmoja huachiwa kulea watoto wengi kupita nguvu zake, mchana na usiku, na mtu aliyechoka hivyo hata awe na moyo wa namna gani hatamtambua yule aliyeacha kula tangu juzi. Ningepewa nafasi ya kusema na wenye fedha, ningeomba walipie walezi kwanza, na walipie vizuri.

Sheria iko upande wa mabinti hawa. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imefanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 mkoani Mara wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta 28. Ukeketaji unapungua, ila kwa mwendo wa polepole, na nyumba salama zitahitajika miaka mingi bado. Ndiyo maana siamini tena katika lugha ya dharura, ile ya kusema “wavumilie tu, ni ya muda”.

Kwa wengine si ya muda hata kidogo. Msimu ukipita huitwa vikao vya upatanisho. Mzazi hukaa na ofisa ustawi na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, akaweka sahihi kwamba binti hatakeketwa. Wengi hurudi nyumbani Januari. Wapo ambao baba hataki hata kusikia majina yao, maana ng'ombe wa mahari alikwishawahesabu. Hao hubaki miaka, wakasoma, wakajifunza kushona, wakakua. Anayeishi mahali miaka mitatu anahitaji sanduku lenye kufuli, anahitaji kuchagua rangi ya gauni lake, anahitaji mtu wa kukumbuka kwamba maharage humsumbua. Akitimiza miaka 18, ulinzi wa ile sheria ya ukeketaji humwisha, tofauti na Kenya ambako sheria ya 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote. Jirani zake wa kabila moja ng'ambo ya mpaka wa Sirari wana kinga ambayo yeye hana, na nyumba ikimwambia “umekuwa mkubwa, ondoka”, anarudi kwenye hatari ile ile.

Makao ya watoto hukaguliwa. Mkaguzi huomba rejista, cheti, vifaa vya kuzimia moto, hupita jikoni na kuonja maharage. Naomba abadili mpangilio, aanze na wasichana wenyewe, chini ya mti, walezi na mkurugenzi wakiwa mbali wasiweze kusikia. Je, bafu linafungwa kwa ndani? Siku ulipofika ulikaguliwa, na kama ulikaguliwa, nani alikuomba ruhusa? Picha yako iko wapi, na ungetaka iwe huko? Ukimwamsha mlezi usiku anakujibu nini? Rejista aifungue akishapata majibu, na asiyejibu arudiwe kesho yake.