Kibandiko Hakipimi Gesi

Katika hospitali ya Bankstown-Lidcombe, kusini-magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, ukuta wa chumba cha upasuaji namba 8 ulikuwa na tundu la gesi lililoandikwa oksijeni. Liliwekwa Julai 2015 kwa ajili ya watoto wachanga wanaochelewa kupumua. Fomu ya kukabidhi kazi ikatiwa sahihi, mafundi wakafungasha vifaa vyao wakaondoka.

Juni 2016 mtoto wa kike alizaliwa chumbani humo akapewa gesi ya tundu hilo. Aliishi, lakini ubongo wake uliharibika vibaya. Mwezi uliofuata akapewa mtoto wa kiume, naye akafa. Daktari wa watoto hakuridhika na maelezo ya kifo kile, akataka chanzo kitafutwe. Gesi ya tundu lile ilipopimwa, kumbe haikuwa oksijeni. Ilikuwa naitrasi oksaidi, ambayo wataalamu wa usingizi huwapa wagonjwa ili wasisikie maumivu. Uchunguzi wa serikali ya jimbo la New South Wales ulionyesha kwamba mabomba yaliunganishwa vibaya, na kwamba vipimo ambavyo kanuni za Australia zinavitaka kabla ya tundu kuanza kutumika havikufanywa ipasavyo. Waziri wa afya wa jimbo aliwaomba radhi wazazi.

Mtu atauliza: waliokuwa chumbani hawakuona? Waliona, tena waliona sana. Tatizo ni kwamba kila walichokiona kilikuwa na maelezo mengine ya kuaminika. Damu ya mtoto anayezaliwa haina oksijeni nyingi; hata mwenye afya njema huchukua dakika 5 hadi 10 kufikia kiwango cha kawaida. Kwa hiyo oksimita, kipima oksijeni ya damu, ikisoma chini hakuna anayeshtuka. Huyu ni mtoto mgonjwa, ndiyo maana anasaidiwa. Isipopanda, wahudumu hufanya walivyofundishwa: huongeza oksijeni. Na hapo ndipo mtego ulipofyatuka, kwa sababu kila walipoongeza walichodhani ni dawa, walizidi kumnyima mtoto pumzi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dalili ya sumu ilifanana na dalili ya ugonjwa, na tiba ya ugonjwa ndiyo iliyokuwa sumu yenyewe.

Tuangalie vifaa vilivyopo kando ya kitanda cha mgonjwa anayepewa oksijeni, na kila kimoja kinajua nini. Oksimita ya kidoleni inajua hali ya damu, baada ya gesi kuingia mwilini. Kilichomo kwenye bomba haikijui. Flomita, ile yenye kigololi kinachoelea, inajua lita ngapi zinapita kwa dakika, na kigololi hupanda hata kama inayopita ni hewa ya kawaida. Kichupa cha maji kinachotoa mapovu kinajua kwamba kuna kitu kinapita, basi. Geji ya mtungi inajua shinikizo. Muuguzi anaweza kuvitazama vyote vinne, akaridhika, na mgonjwa asiwe anapata oksijeni. Kifaa kimoja tu ndicho kinachojibu swali la gesi gani na kwa asilimia ngapi, nacho ni kihisi cha oksijeni.

Hayo hayakuwa mageni mwaka 2016. Mwaka 1973, katika mji wa Sudbury, Ontario, nchini Kanada, mabomba ya gesi hizo hizo mbili yalipishana katika jengo jipya la hospitali, na vifo zaidi ya 20 vikahusishwa na kosa hilo kabla halijagunduliwa. Kihisi nacho kilikuwapo zamani. Mwaka 1940 mkemia Linus Pauling wa California alitengeneza kipima oksijeni baada ya jeshi la wanamaji la Marekani kutaka njia ya kujua hali ya hewa ndani ya nyambizi. Alitumia tabia ya oksijeni ya kuvutwa na sumaku, tabia ambayo gesi nyingi hazina. Baada ya vita kipimo hicho kiliingia hospitalini, kwenye vitotoleshi vya watoto njiti. Leo mashine za usingizi na mashine za kupumulia hutengenezwa zikiwa na kihisi kwenye njia ya hewa inayokwenda kwa mgonjwa. Lakini anayepewa gesi kwa barakoa au mpira wa puani moja kwa moja kutoka ukutani au mtungini, mara nyingi hana kihisi chochote njiani.

Je, mwenye mashine yenye kihisi alale usingizi? Hapana, kwa sababu kihisi nacho kina maradhi yake. Aina iliyoenea kwenye mashine za kupumulia ni betri ndogo. Ndani yake mna madini ya risasi na maji ya kemikali, na mbele kuna utando mwembamba unaopitisha gesi. Oksijeni ikipenya, risasi huliwa na umeme kidogo huzalishwa. Oksijeni ikiwa nyingi, umeme huwa mwingi. Maana yake ni kwamba kila kipimo kinaila ile risasi. Kwa kawaida kihisi hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na hata mashine ikikaa stoo bila kuguswa, oksijeni iliyomo hewani haiachi kukila. Ndiyo sababu mashine ya msaada iliyofungwa kwenye boksi lake inaweza kufunguliwa ikiwa mpya kila mahali isipokuwa hapo.

Fundi mzoefu hukipima kihisi mara mbili. Kwanza kwenye hewa ya kawaida, ambapo kinatakiwa kusoma asilimia 21. Kisha kwenye oksijeni tupu, kisome 100. Anayeishia kwenye 21 hajapima, kwa kuwa kihisi kilichochoka kinaweza kusoma 21 sawasawa na bado kishindwe kupanda pale oksijeni inapokuwa nyingi, yaani pale mgonjwa mahututi alipo. Zaidi ya hayo, kihisi hiki kinahisi msukumo wa oksijeni, hakihesabu asilimia. Kirekebishwe Mombasa, kisha kipelekwe Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nacho kitaiona hewa ile ile kama asilimia 17 hivi, kama mashine haina njia ya kusahihisha tofauti ya mwinuko. Hewa haikubadilika, shinikizo lake ndilo lililopungua. Atakayeisoma 17 kama ilivyo atadhani mgonjwa ananyimwa, aongeze.

Na kuongeza si jambo la kheri siku zote. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto njiti wapatao 10,000 duniani walipofuka, na ikaja kubainika kwamba oksijeni waliyomiminiwa bila kipimo ndiyo iliyochangia kuharibu macho yao. Daktari Kate Campbell wa Melbourne alionyesha uhusiano huo mwaka 1951. Hospitali zikaogopa, zikaibana oksijeni, na baadaye ikaonekana kwamba kwa kuibana hivyo watoto wengine walikufa au waliumia ubongo. Ukizidisha unaharibu, ukipunguza unaharibu, na jicho la mtu halioni tofauti kati ya asilimia 30 na 60.

Kihisi kikichoka, mashine hupiga kelele. Kelele hizo zinaudhi, hasa usiku wa manane, na wodi haina kihisi cha akiba kwa kuwa bei yake haikutengwa kwenye bajeti. Mashine nyingi huruhusu ufuatiliaji wa oksijeni uzimwe kwenye menyu. Unazimwa kwa muda, mpaka kipuri kije. Kipuri hakiji, aliyezima anahamishwa kituo, anayempokea anaikuta mashine imetulia na anaisifu kwa kutosumbua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tangu siku hiyo mashine ile haina tofauti na tundu la chumba namba 8: inasema oksijeni kwa sababu imeandikwa oksijeni.

Kwetu Afrika Mashariki hatari hiyo ina milango mingi zaidi. Desturi ya Kiingereza tuliyoirithi inaupaka mtungi wa oksijeni rangi nyeusi na mabega meupe, kanuni ya kimataifa inataka nyeupe, na Marekani hutumia kijani. Hospitali inayopokea misaada kutoka pande zote inaweza kuwa na rangi zote tatu chini ya paa moja. Kuna mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, ambazo hunasa naitrojeni kwa chembe za ziolaiti na kutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ziolaiti ikiingia unyevu hupoteza nguvu kidogo kidogo. Kanuni zinataka kiwango kisishuke chini ya asilimia 82, lakini mashine ikishuka hadi 50 bado itanguruma, kigololi kitaelea, mapovu yatatoka. Ndugu wa mgonjwa atamshukuru Mungu kwamba mtu wao kawekewa oksijeni.

Funzo la kisa hiki halihitaji mashine ya bei mbaya. Kipima oksijeni cha mkononi ni kidogo, kinabebeka, na kimoja kinaweza kuhudumia hospitali nzima. Tundu jipya la gesi, au lililofunguliwa kwa matengenezo, lisitumike mpaka gesi yake ipimwe pale pale inapotoka, si kwenye tangi wala kwenye chumba cha jirani. Mtungi unaoletwa upimwe kabla haujaingizwa wodini. Mashine ya kuchuja hewa ipimwe kila inapofanyiwa huduma. Kihisi cha mashine ya kupumulia kiandikwe tarehe kilipofunguliwa, na bei ya kipuri chake iingie kwenye bajeti siku mashine inaponunuliwa au kupokelewa kama zawadi. Na mgonjwa anayezidi kushuka kila anapoongezewa oksijeni, aliye karibu aishuku gesi kabla ya kuulaumu mwili: achukue mtungi mwingine uliopimwa, au amsaidie kupumua kwa mfuko wa mkono na hewa ya kawaida. Hewa hii tunayovuta bure ina asilimia 21 ya oksijeni; tundu la Bankstown halikuwa nayo hata hiyo.

Lakini la kwanza kubadilishwa ni fomu. Fomu nyingi za kukabidhi kazi zina mahali pa kuweka alama ya vema na mahali pa sahihi, na mtu anaweza kuvijaza vyote viwili akiwa amekaa ofisini. Mahali pa alama pawekwe nafasi ya namba: kipimo kimesoma asilimia ngapi, saa ngapi, tundu lipi, na nani alikishika kifaa. Bila namba hiyo sahihi isipokelewe, hata mwenye kuiweka awe bingwa wa namna gani.