Mgeni wa Siku ya Tatu

Katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, kila mwaka mwezi wa Aprili hufanywa sikukuu iitwayo Sechseläuten, yaani kupigwa kwa kengele ya saa kumi na mbili jioni. Vyama vya kale vya mafundi na wafanya biashara huandamana wakivaa mavazi ya zamani, kisha sanamu ya mtu wa theluji huteketezwa ili kuuaga wakati wa baridi. Kwa desturi waandamanao ni wanaume; wanawake husimama kando ya njia na kuwapa maua.

Mwaka 1989 wanawake walijiundia chama chao, Gesellschaft zu Fraumünster, wakatafuta nafasi katika maandamano hayo. Chama kimoja cha kale, Constaffel, kiliwakaribisha waende pamoja nacho kama wageni. Basi twauliza: je, ni haki kumwita mgeni mtu aliye wa nyumba ile ile?

Wako wasemao, "Vyama hivi vilianzishwa mwaka 1336, navyo ni vya wanaume, desturi ikiguswa huvunjika." Neno hili tusilidharau, maana watu wana haki ya kuchagua watakaokula nao mezani. Lakini desturi hiyo imekwisha kuguswa. Utawala wa vyama juu ya mji ulikoma mwaka 1798, na leo aingiaye haulizwi kama ajua kufua chuma au kuoka mikate. Ikiwa kazi yenyewe imeondoka na desturi ingali hai, itakufaje kwa kuingia wanawake?

Tena sikukuu hii hujaza njia za mji na kukumbuka mambo ya mji wote. Nyumba ya watawa wanawake ya Fraumünster iliwekwa mwaka 853, na zamani mama mkuu wake alikuwa na mamlaka juu ya soko, ushuru na fedha, kabla vyama havijakuwako. Wa mwisho, Katharina von Zimmern, aliikabidhi nyumba ile kwa mji mwaka 1524, wakati wa Matengenezo ya Kanisa. Je, kumbukumbu ya mji imwache nje mama yake?

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ampaye mgeni jembe amempa kazi, tena amempa sehemu katika shamba. Ukarimu ni mwema. Lakini mgeni asiyepewa jembe kamwe amefungiwa mlango kwa maneno matamu. Nasi tujitazame katika sherehe zetu: ni nani apikaye na kufagia, kisha huwa mgeni viti vinapogawanywa?